Pingu Aliyoijua Bibi Tunu

Sogea hapa karibu, mwanangu, maana sauti yangu siku hizi huishia njiani. Iko siku moja ambayo haijapata kunitoka, na sidhani itanitoka nikiwa hai. Ni siku aliyoletwa Magokoro nyumbani kwetu mjini Kisii, amebebwa kwenye machela ya miti, mguu wake wa kulia umevimba usijue goti limeanzia wapi na kifundo kimeishia wapi. Ilikuwa kabla ya vita vya Hitla. Mimi nilikuwa kigori, nimekaribia kuvaa buibui, na mdomo wangu ulikuwa mrefu kuliko umri wangu. Hilo utaliona mwenyewe.

Magokoro ndivyo Wagusii wamwitavyo bibi. Huyu alikuwa mzaa mama, jina lake Bosibori, mkulima wa wimbi na ndizi huko Sironga. Mzaa baba tulimwita Bibi Tunu, naye tulikaa naye mjini, ana chumba chake peke yake ng'ambo ya ua, nyuma ya duka la baba. Baba alizaliwa pwani, mtu wa asili ya Kimanyema. Alipanda gari moshi mpaka Kisumu, akatoka hapo kwa miguu mpaka Kisii, akafungua duka la chumvi na vitambaa, akamwoa mama yangu kwa nikahi. Basi sisi watoto tulikua na Kiswahili cha uani na Kigusii cha jikoni. Bibi zangu hao wawili hawakuwa na lugha moja. Walikuwa wakiitana "korera", ndivyo wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana Ugusii, na baada ya neno hilo moja wote wawili hunigeukia mimi. Mimi ndimi niliyekuwa mkalimani wa nyumba.

Sasa lazima nikueleze kuhusu ebitinge, maana nyinyi wa leo mmeviona kwenye picha tu. Vilikuwa pete nyembamba za chuma, nyingi, zimepangana juu ya kifundo cha mguu, kila mguu na zake. Mwanamke alivishwa siku ya harusi kubwa ya kimila, mbele ya watu, na mhunzi ndiye aliyevibana. Akishavivaa huitwa mke kamili, hapana mtu wa kuuliza zaidi. Wala havikuvuliwa hivi hivi. Vilivuliwa mume akifa. Mwanamke wa enzi zile ukimsikia anakuja njiani, utasikia chuma kikigongana taratibu kabla hujaiona sura yake.

Mume wa Magokoro, babu yangu Ombati, alichukuliwa kubeba mizigo ya askari katika vita vya kwanza, ile kazi iliyoitwa Kariakoo. Waliorudi walirudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja akasema nilimwona akifa. Babu alipochukuliwa, mama yangu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na sasa mama huyo huyo alikuwa na mimi kigori. Ndugu zake Ombati walingoja wakachoka, wakamlilia, wakanyoa. Magokoro hakunyoa. Aliwaambia, "Ninyi lilieni ndugu yenu. Mimi mume wangu hajafa." Wakamwacha na ebitinge vyake. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Kilichomleta mjini ni jembe. Alijikata juu ya kifundo akilima wimbi, akatia majani, akafunga kitambaa, akarudi shambani. Watu wa zamani, mwanangu, walikuwa na ubishi! Kidonda kikaoza, mguu ukavimba, ebitinge vikaanza kuzama ndani ya nyama. Ndipo vijana wa Sironga wakamtia kwenye machela wakamleta kwetu.

Kwenda hospitali alikataa katakata. Basi baba akamwita dresa wa serikali, mtibu vidonda wa hospitali, aje uani. Alikuwa kijana wa Kigusii, Mkristo, kaptura imepigwa pasi, mtu mpole na anayeijua kazi yake. Aliinama pale kitandani muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, hivi vyuma vya mguu mgonjwa vitoke leo. Damu haipiti. Vikibaki, mguu utakufa, na daktari ataukata hapa." Akaonyesha chini ya goti. "Na akichelewa, si mguu tena. Ni roho."

"Vikitoka, Ombati amekufa," Magokoro akasema.

"Ni mguu mmoja tu, mama. Vya mguu wa pili vitabaki."

"Hakuna mke wa mguu mmoja."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chumvi ya ziada. Mama yangu alikuwa kichwani pa kitanda, analia kimya kimya. Baba alikuwa nje ya pazia. Kwa Wagusii mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Kuna heshima yake, huitwa chinsoni, na baba ingawa alikuwa mtu wa kuja aliishika kuliko wenyeji. Ndiyo sababu mgonjwa hakulazwa nyumba kubwa, akalazwa kwa Bibi Tunu. Basi baba yuko huko nje, sauti ya mgonjwa haimfikii, anakohoa, anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Nami namjibu kupitia pazia.

"Hataki," nikasema. Kisha mdomo wangu ukanitangulia. Nikamgeukia Bibi Tunu, nikasema kwa Kiswahili, kwa kujiona mtoto wa mjini, "Bibi, si vituko hivi? Mtu kafungwa pingu na mwanamume asiyekuwako, na bado anazililia!" Nikacheka.

Bibi Tunu alikuwa ameshika bakuli la uji. Akaliweka chini. Hakuwa mtu wa kupiga watoto. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na heri fimbo ya baba kuliko kunyamaza kwake. Akaniambia neno moja, "Njoo," akanitangulia mpaka ghalani, kwenye magunia ya chumvi, akafunga mlango.

Mimi nilikuwa sijapata kuuona mguu wa Bibi yangu. Alivaa gauni refu, juu yake leso, na akitawadha alijifungia. Siku ile aliinua gauni mwenyewe. Juu ya kifundo cha mguu wa kulia ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, imezunguka mguu wote, na upande wa ndani palikuwa na bonde ambalo ungeweza kulaza kidole gumba kikatulia.

"Hii ndiyo pingu," akasema. "Haya, lirudie neno lako huku unaitazama."

Sikuweza kulirudia.

Akakaa juu ya gunia, akaniambia. Alikuwa mdogo kuliko mimi walipomtoa kwao, bara huko, mbali kupita maziwa makubwa. Watoto walifungwa kamba tu. Yeye alitoroka, wakamkamata, na hapo ndipo walipomtia chuma. Alitembea nacho, sijui ni mwendo gani, hata yeye hakujua, mpaka alipoisikia bahari kabla ya kuiona. Jina la Tunu si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na aliyemnunua. La mama yake lilipotea njiani, na hakuwahi kulipata tena.

"Neno hili si la kuchezea," akasema. "Sikiliza lilikotoka. Mti ukianguka ukalala njiani, umeipinga njia. Mlango tukiutia ule mti wa kukingama, tumeutia pingo, asiingie mtu. Hata huko pwani mtoto mchanga hufungwa uzi wenye hirizi, wengine huuita pingu, kwa kuwa wanasema unapinga husuda. Lilikuwa neno la kuzuia mabaya. Watu wakalichukua wakalitia mguuni mwa binadamu. Pingu yangu mimi ilikuwa pete mbili na ufito wa chuma katikati, na pete ya mguu wa kulia ndiyo iliyonila nyama. Wewe unadhani pingu ni zile pete. Siyo! Pete nimezizoea. Pingu ni ule ufito. Ufito ndio uliokatiza hatua yangu, ukaniambia mguu huu hautaupita ule. Na ufito huo aliutia mtu mwingine, na ufunguo akauning'iniza kiunoni mwake."

Akalishusha gauni.

"Sasa nenda ukaitazame miguu ya korera wangu, uone kama kuna ufito. Mama yule na vyuma vyake amelima, amezaa, amekwenda soko la Ekerenyo na kurudi, amekwenda atakako. Nani ana ufunguo wake? Niambie."

Subhanallah! Mambo mengi yalinifunukia kwa mara moja. Nikajua kwa nini mbuzi wa nyumba yetu hakufungwa mguu hata siku moja, alifungwa shingoni, na mtoto atakayemfunga mguu hataisahau siku hiyo. Nikajua kwa nini baba alipoleta furungu za fedha, pambo la kifundo cha mguu, kutoka Mombasa, zawadi ya mama yake mzazi, Bibi alizibusu akamrudishia. Miaka yote niliishi na mwanamke huyu nikila ugali wake, nisijue nimekaa na nani.

"Na usimwambie korera," akasema akifungua mlango. "Mwenye mzigo wake haongezwi wa mwenzake."

Tuliporudi tulikuta mambo yamegeuka. Baba na dresa walikuwa wamekubaliana. Wachukuzi wa dukani walikuwa wamesimama uani, watu wa maungo, na mmoja ameshika kamba ya katani, ile tuliyouza dukani. Wangemfunga Magokoro mikono kitandani, wamshike mabega, dresa akate vyuma. Usidhani walikuwa wabaya. Baba alimpenda mama mkwe wake, na dresa macho yalikuwa mekundu kwa huruma. "Ni kwa faida yake," baba alikuwa akisema nje ya pazia. "Akipona atatushukuru."

Magokoro aliiona kamba. Hakupiga kelele. Alimtazama mama yangu, akamwuliza kwa Kigusii, "Kemunto, mwanangu, wanataka kunifunga?" Mama akaziba uso kwa leso.

Bibi Tunu akasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku.

"Katika chumba changu hafungwi mtu."

"Mama, atakufa!" baba akasema.

"Hafungwi mtu. Mtamfunga mikono ili mumfungue mguu? Jisikilize, mwanangu. Rudisha kamba dukani."

Baba hakuwahi kubishana na mama yake, lakini siku ile alibisha. "Haya, tusimfunge. Tumtazame tu akifa? Wewe una dawa gani?"

Bibi Tunu hakuwa na dawa. Nilimwona usoni kwamba hana. Alikuwa amekataa lile baya bila kujua jema liko wapi, na dresa alikuwa amesimama na mkoba wake, na mguu ulikuwa unazidi kuwa mweusi mbele ya macho yetu. Nilitamani kukimbia.

Bibi akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Akaniambia, "Mwulize pole pole. Ni kitu gani hasa kitakachomwua mumewe? Chuma kutoka mguuni, au ni nini?"

Nikauliza. Magokoro alifumba macho akafikiri, maana alikuwa mtu wa kujibu swali sawasawa hata katika homa. Akasema, "Chuma cha mke hakilali chini. Kikivuliwa kikalala chini, hicho ni cha mjane."

"Kwa hiyo chuma kinataka mguu," Bibi akasema.

"Ndiyo. Kinataka mguu."

"Mguu wa nani?"

Swali hilo nilisita kulitafsiri. Nilidhani ni kufuru ya namna fulani. Nilipolisema, Magokoro alifumbua macho, na nakwambia kweli, alitaka kucheka. "Hilo," akasema, "halijapata kuulizwa."

Bibi Tunu akavuta pumzi. Akanitazama mimi, wala si Magokoro.

"Mwambie mimi nina mguu."

Fikiri, mwanangu. Mimi peke yangu katika chumba kile ndiye niliyejua ni mguu gani unaosemwa. Mwanamke ambaye hakuweza kuvumilia hata fedha juu ya kifundo chake! Hakusema Ombati yuko hai, hakusema amekufa. Sote tulijua la kuaminika ni lipi, na pengine hata Magokoro moyoni mwake alijua. Lakini Bibi hakuona kwamba ni kazi yetu kumzikia mwenzetu mumewe kwa nguvu.

Magokoro akamtazama korera wake. Kisha akasema, "Korera si mtu wa nje. Binti yangu yuko kwake." Akauliza jambo moja tu, "Utavitembeza? Visikae kimya chumbani. Vimezoea njia."

"Nitavitembeza," Bibi akasema.

Dresa akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nataka mguu tu. Hayo mengine ni yenu." Kisha akavua saa yake na kuanza kunawa mikono.

Akaitwa mhunzi, mzee wa kilima cha pili, akaja na nyundo na vipande vyake vya chuma vimefungwa katika ngozi ya mbuzi. Alisikiliza habari yote, akakuna kidevu, akasema mila haikukataza jambo ambalo haikulifikiria. Akaanza kazi. Alizipanua pete moja moja, na Magokoro ameuma leso, jasho linamtiririka, na dresa anasafisha hapo hapo palipofunguka. Harufu sitaki kukueleza. Kila pete iliyotoka ilipokewa na mama, mama akanipa mimi, ikabaki mikononi mwangu. Zilikuwa za moto kwa homa ya mwili wake. Hakuna hata moja iliyogusa sakafu.

Kisha zamu ya Bibi. Alikaa kwenye kigoda, amekipa kitanda mgongo, akaunyoosha mguu wa kushoto. Nikashusha pumzi. Kumbe Magokoro alikuwa ameinua kichwa. "Wa kulia," akasema. "Vilitoka wa kulia."

Nilitafsiri, na natamani ningekuwa bubu. Bibi hakuusogeza mguu. Nilikuwa tayari kupasua siri, neno limeshafika kinywani, lakini akanitazama, na ule mtazamo ulikuwa kufuli. Akaurudisha mguu wa kushoto. Akautoa wa kulia.

Mhunzi akainua pindo la gauni, akaona. Mkono ukamsimama hewani. Alikuwa mzee aliyeishi kwingi, na chuma ilikuwa kazi yake. Alijua alama ya chuma akiiona. Akamtazama Bibi usoni, kama anayeomba ruhusa ya kuacha.

"Funga," Bibi akamwambia.

Kiswahili mzee yule hakukijua, ila neno hilo alilielewa. Akafunga. Kila nyundo ilipogonga Bibi alifumba macho, mikono imekishika kigoda, midomo inasoma dua. Bibi Tunu huyu, aliyewahi kumwua nyoka jikoni kwa mwiko na kuendelea kusonga ugali! Mimi nilikuwa nimemshika bega, nikaogopa, na ndani ya woga ule nikaona heshima ambayo sijapata kumwona mtu mwingine akistahili.

Mguu wa Magokoro ulianza kupona. Dresa alikuja kila asubuhi na dawa na maji ya chumvi, na uvimbe ukashuka kidogo kidogo. Na Bibi, kwa kuwa aliahidi, alitembea. Siku za kwanza alitoka uani kwa hatua fupi fupi mno. Mguu ulikuwa unauogopa ufito ambao haukuwepo. Alifika kizingitini akasimama, akashika mwimo, akarudi, akajaribu tena. Usingizi wake uliharibika, chakula alikila kwa kulazimishwa. Nilimwambia, "Bibi, acha basi, tembea humu humu ndani." Akanijibu, "Nimesema nitavitembeza. Kutembea ndani ni kutembea?"

Mashoga zake wa mjini walimcheka. "Bi Tunu, umekuwa Mgusii uzeeni?" Akawajibu, "Nimeolewa upya. Semeni wivu tu." Na akapita zake, chuma kinagongana chini ya buibui.

Kisha ikatokea siku tulikwenda sokoni, mvua imetoka kunyesha, maji yamekata njia yakafanya mfereji. Nilitaka kumshika mkono tuzunguke. Kabla sijamfikia alikuwa ameruka. Bibi Tunu, mwanamke wa umri ule, aliruka mfereji! Akasimama ng'ambo, akautazama mguu wake, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Wapitaji walidhani amepandwa na pepo. Tangu hapo alitembea kwa hatua pana, mpaka mimi nikawa ndiye wa kukimbia nyuma.

Magokoro alipoweza kusimama, mhunzi akaitwa tena. Magokoro akasema hapana mtu mwingine wa kuvipokea ila yeye mwenyewe, kutoka mguu hadi mkono. Akapiga magoti mbele ya Bibi, kwa shida, maana mguu ulikuwa bado mgumu. Pete zikafunguliwa, na ngozi ya chini yake ikaonekana. Akaiona ile alama. Akaipitishia kidole, akaingiza kidole gumba katika lile bonde.

"Hii ni nini?" akauliza. "Si ya ebitinge hii. Hii ni ya zamani."

Bibi akaniambia, "Mwambie sasa."

Nikamwambia yote. Neno la Kigusii la pingu sikulipata, basi nikamweleza pete mbili, na ufito katikati, na ufunguo kiunoni mwa mtu. Nikamweleza mtoto aliyetoroka na njia iliyokwenda mpaka baharini. Magokoro hakunikatiza. Alifunika ile alama kwa kiganja chake chote, akakiacha hapo.

"Korera," akasema, "ungeniambia, nisingekubali."

Nikatafsiri.

"Ndiyo maana sikukwambia," Bibi akasema.

Walilia wote wawili. Mama akalia, mimi nikalia, na mhunzi akatoka nje akajifanya anatafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi mwake. Kisha mzee akarudi akamvisha Magokoro vyuma vyake, na kesho yake Magokoro akarudi Sironga kwa miguu yake. Ombati hakurudi kamwe. Magokoro alizeeka akafa na chuma chake, na sisi tukasema ni sawa.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukimwona mtu ana kitu kinachomzunguka, ndoa, dini, kazi, ahadi ya zamani, usikimbilie kukiita pingu. Uliza kwanza ufito uko wapi, na ufunguo ameushika nani. Ukikuta ufunguo uko kwa mwingine na hatua zake zimekatizwa, hiyo ni pingu hata kama ni ya dhahabu na wimbo wa harusi juu yake. Msaidie atoroke. Na kama ni wewe, toroka, na ukikamatwa toroka tena, kama mtoto yule. Lakini ukikuta amejifunga mwenyewe kwa sababu aijuayo yeye, usimfungue kwa nguvu ukasema umemkomboa. Kamba ni kamba, hata ikishikwa na mtu mwenye huruma. Na ukitaka kweli kumwondolea mzigo, usisimame mbali ukimwambia autupe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi mpaka siku utakapouweka juu ya kovu lako mwenyewe.

Basi inuka, mvua inakuja. Mungu akupe miguu yenye afya na mahali pema pa kuipeleka. Akuepushe na kila atakayetaka kuwa bwana wa hatua zako, na akuepushe zaidi na kuwa bwana wa hatua za wengine. Amina, mwanangu. Nenda salama.